Mipini Sita ya Msonobari

Saa moja na robo asubuhi ya Ijumaa, Mkaguzi Zamda Hamimu wa idara ya upelelezi alikuwa ameipitia orodha ile mara nne. Mara ya tano aliipeleka dirishani na kuinyanyua kwenye mwanga. Hakuwa akisoma majina tena. Alikuwa akihesabu matundu ya pini.

Orodha ilikuwa ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina kumi na sita ya wacheza bugobogobo, ngoma ya majembe, kutoka Lagangabilili. Wa pili ulikuwa na maelezo mafupi, muhuri wa kikundi na saini ya katibu. Kwa karatasi hizo mbili serikali ya Korea Kusini ilikuwa imekubali kutoa ruzuku ya kuwasafirisha watu hao mwezi wa nne, wakapige ngoma pamoja na wakulima wa huko, ambao nao wana ngoma zao za shambani. Mwaka uliotangulia Wakorea kumi na wawili walikuja Bariadi na ngoma zao. Sasa ilikuwa zamu ya wenyeji kurudisha mguu, na ndivyo nchi mbili zilivyokubaliana kujenga ukaribu wao: watu kwa watu, si hotuba kwa hotuba.

Yote yaliharibika wiki ile. Bi Han, mama wa Kikorea aliyesimamia ruzuku hiyo na aliyezungumza Kiswahili cha darasani, alimpigia simu mmoja wa wasafiri kumuuliza tu habari za mazoezi. Msafiri huyo hakumjua manju wake, kiongozi wa ngoma, kwa jina. Alipoulizwa anashika jembe kwa mkono gani, alikata simu na hakupatikana tena. Majina sita yakagundulika kuwa ya watu ambao Lagangabilili hakuna aliyewahi kuwaona.

Zamda aliziweka karatasi mezani, kisha akamgeukia mwanamke aliyeketi mbele yake, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu Domitila, orodha hii uliibana kwa stepla mara ngapi?"

"Mara moja," alisema Domitila. Alikuwa mkulima wa pamba wa miaka hamsini na kitu, mjane, na jioni aliwafundisha watu wazima kusoma. Alikuwa katibu wa kikundi tangu kianze. "Niliibana nyumbani kwangu, nikamkabidhi mratibu mkononi."

"Ukurasa wako wa pili una matundu manne. Wa kwanza una mawili."

Domitila aliinama kutazama.

"Basi ulibanduliwa," alisema.

"Wa pili ulibanduliwa ukabanwa upya. Wa kwanza ulibanwa mara moja tu, maana yake haukuwepo mara ya kwanza. Saini ni yako?"

"Saini ni yangu. Majina kumi ni yangu. Sita si yangu."

"Nakala ya orodha uliyoiandika wewe?"

"Sikubaki nayo. Nilimpa kila kitu. Orodha, pasipoti kumi na sita, picha alipiga mwenyewe. Alisema akiba itabaki kwenye kompyuta yake."

Mratibu huyo aliitwa Faraja. Alikuwa na ofisi ndogo ya kupanga safari na matamasha, Kamba Mbili, na ndiye aliyekuwa kiungo baina ya kikundi na watoa ruzuku. Jana yake alikuwa amemwambia Zamda, kwa upole mwingi, kwamba Domitila aliirudia orodha ofisini kwake, akasema ina marekebisho, akabadili ukurasa wa kwanza mwenyewe. Matundu yale manne yalimfaa Faraja kama yalivyomfaa Domitila. Zamda aliliandika hilo kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake.

"Mhoja ni nani kwako?" aliuliza.

"Mhoja ni mpiga ngoma. Yumo kati ya wale kumi."

"Nimeuliza kwako."

Domitila alitazama mikono yake.

"Mtoto wa dada yangu."

"Jana hukusema."

"Jana hukuuliza, afande. Na mimi nilijua ukisikia tu, utasema huyu mama amejaza ndugu zake kwenye ndege."

"Mimi sijasema kitu bado. Ila ukinificha moja, nitalazimika kuyachimba yote, na leo hatuna muda."

Muda ulikuwa mfupi kweli. Domitila alifungua mkoba wake akatoa karatasi iliyochapwa vizuri. Zamda aliisoma. Ilisema kwamba yeye, Domitila, kwa uzembe wake aliingiza majina sita bila idhini ya kikundi, kwamba anajiuzulu, na kwamba anaomba kosa lake lisiwahusu wenzake.

"Nani aliiandika?"

"Faraja. Anasema nikisaini mbele ya Bi Han saa sita leo, wale kumi watasafiri. Nisiposaini, safari inafutwa yote. Bi Han mwenyewe amesema lazima mtu mmoja abebe jukumu, na awe amepatikana kabla ya saa sita, kwa sababu majina yanafungwa leo."

"Na wewe unataka kusaini."

"Watu kumi, afande. Wengine hawajawahi kufika Mwanza."

"Mayu, nisikilize. Kwenye karatasi hii kuna neno uzembe. Kwenye hati ya mashtaka neno hilo halitakuwepo. Kutakuwa na kughushi. Ukisaini, umeniondolea kazi yangu mimi, umempelekea hakimu kazi yake."

Domitila aliirudisha karatasi mkobani.

"Mpaka saa sita," alisema. "Ikifika saa sita hujaleta kitu, nitasaini. Sitawafungia watu mlango kwa sababu ya jina langu."

*

Koplo Kija aliendesha gari kuelekea Lagangabilili, na Zamda alikaa kiti cha mbele na picha kumi na sita mapajani. Watoa ruzuku walitaka kila msafiri apigwe picha akiwa na chombo chake cha ngoma. Zote zilipigwa mbele ya bango moja, bango la Kamba Mbili lenye maandishi na mistari ya rangi. Faraja alisema alizipiga zote siku moja, kwenye Nane Nane ya mwaka jana katika viwanja vya Nyakabindi.

"Kama ni hivyo, wale sita walikuwa kwenye kikundi tangu mwezi wa nane," alisema Kija. "Domitila anawajua. Na mpwa wake yumo. Mimi ningeshafunga jalada."

"Ndiyo maana wewe unaendesha."

Kija alicheka. Zamda alikuwa na rula ndogo. Aliiweka juu ya picha moja, akaandika, akachukua nyingine.

"Unapima nini, afande?"

"Sijui bado. Bango ni lile lile, mistari yake haibadiliki. Napima kila kinachoweza kupimika."

Bujiku, manju wa kikundi, walimkuta shambani. Ulikuwa mwisho wa mwezi wa pili, palizi imepamba moto, na pamba ilikuwa imefika magotini. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kitambaa chekundu na maringo ya mtu aliyezoea kutazamwa.

"Mwadila, bhabha," alisema Zamda.

"Bado ni mwangaluka, binti Hamimu. Jua halijafika huko." Bujiku aliegemea jembe lake. "Kisukuma chako ni cha kaunta. Kinajua chumvi na sabuni, saa hakijui."

"Ndicho nilichofundishwa dukani kwa baba."

"Si kibaya. Umekuja kumfunga Domitila?"

"Nimekuja kuuliza. Kwanza, Mhoja alichaguliwa na nani?"

"Na mimi. Mama yake mdogo alimkataa mara mbili kwenye kikao. Alisema watu watasema. Nikamwambia, wakipatikana watu wa kusema na kupiga ngoma kama huyo, nitawachukua hao." Alitema mate pembeni. "Muulize yeyote. Kikao kilikuwa na watu thelathini."

Zamda aliandika. Kisha akamkabidhi zile picha sita. Bujiku aliifuta mikono kwenye suruali, akazipitia moja moja, na ya tatu ilipofika akaanza kutikisika mabega kwa kicheko kisicho na sauti.

"Huyu ameshika jembe kama mwavuli."

"Umewahi kuwaona?"

"Hawa? Hawa wakiingia kwenye ngoma yangu watapasuana vichwa." Akaacha kucheka. Alizipanga picha mbili sambamba kwenye kiganja, akazitazama kwa muda. "Hebu nipe za watu wangu."

Zamda alimpa zile kumi. Bujiku alichuchumaa, akazipanga zote kwenye majani, sita upande huu, kumi upande ule.

"Tazama mipini," alisema.

Zamda alikuwa amekwisha kuitazama, na kwenye daftari lake kulikuwa na vipimo. Lakini alijua ni afadhali kuelezwa kuliko kueleza.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Jembe unanunua kichwa tu. Mpini unachonga mwenyewe, kwa mti unaoujua, kwa urefu wa mkono wako. Sisi tunalirusha jembe juu, linazunguka, tunalidaka tukiwa tunapiga hatua. Mpini wa mwenzio hauwezi kucheza nao, utakurudia usoni. Ndiyo maana hawa wangu hakuna mipini miwili inayolingana. Huu mfupi, huu umepinda kidogo, huu una kidonda cha panga hapa. Na yote ni myeusi kwa jasho." Akahamisha kidole. "Sasa hawa. Sita sawasawa, myeupe kama meno. Huu ni msonobari, mti wa mbao za dari. Ukiurusha mara tatu unavunjika."

"Mistari ya bango inasema hivyo hivyo," Zamda alisema. "Yote sita inaishia kwenye mstari wa nne. Ya watu wako hakuna inayofanana."

"Na vichwa vyake bado vina rangi ya dukani. Mwezi wa nane nani ana jembe jipya hapa? Majembe mapya tunanunua mvua zikianza kunukia, mwezi wa kumi na kumi na moja. Mwezi wa nane jembe la mtu limekwisha kulambwa na ardhi."

"Kwa hiyo kuna mtu alinunua majembe sita mapya na kuyatia mipini sita iliyotengenezwa mahali pamoja."

"Mtu wa mbali," Bujiku alisema. "Mtu anayedhani jembe huzaliwa na mpini wake."

Zamda alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini.

"Bhabha, vaa shati. Tunakwenda wote mjini."

*

Duka la Mzee Hamimu liliuza misumari, mabati, dawa za pamba na majembe, na lilikuwa kwenye barabara ile ile kwa miaka thelathini na miwili. Mzee alikuwa amekwisha kuvaa kanzu ya Ijumaa. Alimtazama binti yake akiingia na sare, akamtazama Bujiku nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemkamata mteja wangu?"

"Bado," alisema Bujiku. "Ananitembeza tu."

"Baba, tangu mvua zianze, kuna mtu alitaka majembe sita kwa mpigo, si mkulima?"

Mzee Hamimu hakufikiri hata kidogo.

"Wa viatu vyeupe. Mwezi wa kwanza, kwenye matope yale, amevaa viatu vyeupe. Alitaka majembe sita yaliyokwisha kutiwa mipini. Nikamwambia, ndugu yangu, hapa tunauza kichwa. Akasema mipini iko stoo? Nikamuuliza kama anakwenda kumzika tembo."

"Akasema nini?"

"Hakucheka. Alinunua vichwa sita, nikamwelekeza kwa Januarius seremala, nyuma ya stendi."

"Mtu mwingine alikuwepo alipokuja?"

"Kwa nini mwingine? Mimi si nimekuambia?"

"Siwezi kukuandika shahidi, baba."

"Nimekuwa mwongo leo?"

"Umekuwa baba yangu. Wakili yeyote ataanzia hapo, na hatavuka."

Mzee aliifikiria hoja hiyo kama anayepima uzito wa misumari.

"Basi nenda kwa Januarius," alisema. "Yule hana udugu na mtu. Hata na wateja wake."

Ilikuwa kweli. Januarius alikuwa akipiga randa mguu wa kitanda na hakuacha walipoingia. Zamda alimwonyesha kitambulisho chake, naye akakisoma mpaka mwisho.

"Mipini sita," alisema Zamda. "Mwezi wa kwanza."

"Nilimwambia haifai." Randa ilikwenda na kurudi. "Nilimwambia msonobari si mti wa mpini, utavunjika, kisha mtakuja kunisema mimi. Akasema fundi, tengeneza tu, si ya kulimia. Ni ya picha."

Zamda aliiandika sentensi hiyo yote kabla ya kuuliza tena.

"Alisema hivyo hivyo? Ni ya picha?"

"Hivyo hivyo. Mimi kazi ya picha ilikuwa mara yangu ya kwanza, siwezi kusahau."

"Aliacha jina?"

"Namba." Januarius alifuta mikono, akatoa simu mfukoni, akatafuta kwa kidole kimoja. "Huyu hapa. Nilimhifadhi kama Mipini."

Ujumbe ulikuwa wa tarehe kumi na nne mwezi wa kwanza. *Fundi iwe tayari kesho mapema, watu wangu wanaondoka na basi la saa nne.* Chini yake Januarius alikuwa amejibu kwa picha aliyoipiga mwenyewe: mipini sita imelazwa sambamba juu ya meza ile ile ya kazi, myeupe, imenyooka.

Zamda alitoa kadi ya Kamba Mbili kwenye daftari lake. Akailinganisha namba, tarakimu kwa tarakimu, kisha akampa Kija alinganishe naye.

"Ni yeye," alisema Kija.

"Namba peke yake haitoshi. Atasema alinunua mipini, na kununua mipini si kosa." Aliivuta picha ya simuni ikawa kubwa. Akaisogeza pole pole kutoka mpini wa kwanza hadi wa sita, akasimama kwenye wa tano. "Fundi, hili doa jeusi ni nini?"

"Kifundo. Tawi lilianzia hapo. Nilitaka kuukata ubao ule, akasema hana muda."

"Kiko umbali gani kutoka mwisho?"

"Shubiri moja na vidole viwili."

Zamda alizitandaza zile picha sita juu ya maranda. Alipofika kwenye ile ya mtu aliyeshika jembe kama mwavuli, aliweka ncha ya kalamu chini ya doa dogo jeusi kwenye mpini, akamwachia Januarius atazame.

"Ndicho," alisema seremala.

Zamda alichukua maelezo yake ukurasa mmoja na nusu, akamsomea, akamsainisha. Kisha akamwomba afunge karakana na kuja na simu yake.

"Nina kitanda cha harusi," Januarius alisema.

"Saa moja tu. Kuna mama ambaye akisaini karatasi saa sita, hutamsikia tena isipokuwa mahakamani."

Januarius alivua aproni.

*

Walifika kwenye nyumba ya wageni alikofikia Bi Han saa tano na dakika thelathini na tano. Bi Han alikuwa mwisho wa meza ndefu, na saa yake ameiweka mbele yake. Faraja alikuwa kushoto kwake, shati lililopigwa pasi, kompyuta imefunguliwa. Domitila alikuwa ng'ambo, karatasi mbele yake na kalamu juu ya karatasi. Zamda aliwaacha Kija na Januarius nje ya mlango, akaingia na Bujiku.

"Mkaguzi," alisema Bi Han. "Umepata jukumu ni la nani?"

"Nina maswali machache kwa ndugu mratibu. Nitayaandika na majibu yake, kisha atasaini."

"Hamna shida, dada," alisema Faraja. "Tumalize, watu wana ratiba."

"Picha hizi kumi na sita alipiga nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Lini?"

"Nane Nane. Nilishakuambia jana."

"Zote siku moja?"

"Zote siku moja. Huwezi kubeba bango lile kila siku, ni zito."

"Baada ya hapo hukupiga nyingine?"

"Hapana."

"Majembe wanayoshika yalitoka wapi?"

Faraja alitabasamu, akamtazama Bujiku kama anayemheshimu.

"Ya kwao. Wazee hawa kila mtu anakuja na jembe lake. Ndiyo utamaduni wenyewe tunaoupeleka Korea."

Zamda aliandika mpaka nukta ya mwisho, akaligeuza daftari. Faraja alisaini haraka bila kusoma. Zamda alilirudisha kwake, akaenda mlangoni.

"Fundi, karibu. Kuna mtu unamfahamu humu?"

Januarius alizungusha macho mara moja.

"Huyo. Wa mipini ya picha."

Faraja hakushtuka sana. Zamda alimsifia hilo kimoyomoyo.

"Aa, ile," alisema Faraja. "Ile ilikuwa zawadi. Nilitaka tuwapelekee wenyeji wetu Korea mipini ya Kisukuma, kama ukumbusho."

"Ya msonobari?" aliuliza Bujiku.

"Zawadi hiyo iko wapi?" aliuliza Zamda.

"Ilishatumwa."

"Kwa nani?" Hilo liliulizwa na Bi Han. "Zawadi zote zinapitia kwangu. Sijapokea mpini."

Zamda aliweka simu ya Januarius mezani, ile picha ya mipini ikiwa imekuzwa, na kando yake akaweka picha ya mtu wa mwavuli. Alitumia rula kama kijiti cha kuonyeshea.

"Madamu Han, hii ya simuni ni ya tarehe kumi na nne mwezi wa kwanza. Hesabu mpini wa tano. Kuna kifundo hapa, shubiri moja na vidole viwili kutoka mwisho. Sasa huyu. Kifundo, mahali hapo hapo, umbo hilo hilo. Ndugu mratibu amesaini sasa hivi kwamba picha hii ni ya Nane Nane, kwamba aliipiga yeye, na kwamba mtu huyu alikuja na jembe lake mwenyewe. Mwezi wa nane mpini huu ulikuwa bado ubao kwa seremala."

Bi Han aliinama juu ya picha zile mbili. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, akihama kutoka moja kwenda nyingine. Faraja aliomba maji. Hakuna aliyenyanyuka kumletea.

"Watu sita walipangwa mbele ya bango mwezi wa kwanza," Zamda aliendelea kwa sauti ile ile, "wakapanda basi la saa nne. Ukurasa wa kwanza wa orodha ukachapwa upya, ukabanwa kwenye saini ya mayu Domitila. Walikulipa nini ili wafike Korea na wasirudi, hilo utaliandika wewe kituoni, polepole. Mimi kwa sasa nataka kitu kimoja. Mayu alikukabidhi pasipoti kumi na sita. Sita za watu halisi ziko wapi?"

"Dada, mambo haya si rahisi kama unavyo..."

"Sijauliza kama ni rahisi."

Faraja alitazama kompyuta yake, akaifunga.

"Kwenye gari," alisema. "Kwenye mkoba wa nyuma."

Kija alichukua ufunguo. Domitila alichukua karatasi ya kukiri, akaisukuma mpaka kwa Zamda, na kalamu ikiwa juu yake.

"Hii itakufaa kwenye jalada," alisema. "Mwandishi wake yupo hapa."

Kija alirudi na bahasha ya kaki, akaimwaga mezani. Zamda alihesabu sita, akalinganisha kila jina na yale ambayo Bujiku alimtajia garini, kisha akazisogeza kwa Domitila. Faraja alitolewa nje na Kija. Alitembea vizuri, mabega wima, kama mtu anayekwenda kusikiliza simu.

Saa ya Bi Han ilisema dakika kumi na mbili kabla ya saa sita.

"Mama Domitila," alisema Bi Han, "ninaomba radhi. Nilitaka jina moja la kubeba jukumu, sikuuliza kama ni la kweli. Nitaliandika hilo kwa ofisi yangu." Akavuta pumzi. "Lakini saa sita haibadiliki. Ninaweza kuandika majina kumi na sita kama kila mmoja ananiambia mwenyewe kwa simu kwamba yupo na anakwenda. Jumatatu asubuhi wawe ubalozini Dar es Salaam kwa alama za vidole za viza."

"Hawa sita waliambiwa wiki hii kwamba wameachwa," alisema Domitila. "Wamerudi mashambani. Wengine hawashiki simu wakiwa kwenye palizi."

"Watashika," alisema Bujiku. Alikuwa amekwisha kuitoa simu yake, akaiweka katikati ya meza, sauti juu. Iliita mara nyingi. Zamda alijikuta ameacha kuandika.

"Eee, manju," ilisema sauti, na nyuma yake ikasikika ngo, ngo ya jembe likigonga udongo.

"Mboje, uko wapi?"

"Niko pambani, napalilia. Kuna nini?"

"Kuna mama wa Kikorea hapa anataka kukusikia. Mwambie kama upo na kama unakwenda Korea."

Ngo, ngo ikakoma.

"Nipo," alisema Mboje. "Nakwenda. Ila manju, nimalizie mstari huu kwanza?"

Bi Han alikuwa akiandika jina.

"Malizia," alisema Bujiku. "Kisha ukaoge. Basi linaondoka kesho." Akakata simu, akamtazama Domitila, ambaye tayari alikuwa ameshika pasipoti ya pili na kufungua ukurasa wa jina.

"Milembe," alisoma Domitila. "Piga simu ya mumewe. Ya kwake haina chaji mpaka jioni."